Uzi: "Inflict" inakaaje kwenye sentensi, na inaachana wapi na "harm", "injure" na "damage"?

BintiShela
Assalaam aleikum wanajukwaa. Naandaa karatasi ya Kiingereza ya mabaharia wa boti za watalii na wahudumu wa nyumba za wageni hapa Lamu, wale wanaotakiwa kuandika ripoti ajali ikitokea. Kamusi hazinisaidii. "Harm" kudhuru, "hurt" kuumiza, "injure" kujeruhi, "damage" kuharibu, halafu "inflict" nayo kudhuru, kuumiza, kutesa. Yote yale yale. Kwenye rasimu za ripoti yanatokea mambo kama "the propeller inflicted him", "he was inflicted with cuts", "the dhow got many damages". Naomba wajuzi mnieleze "inflict" inapangwaje, na lini iachwe kabisa.

Maalim_Langoni
Wa aleikum salaam Bi Shela. Anza na mpangilio wa sentensi, maana itafuata.

Baada ya "inflict" haji mtu. Huja dhara lenyewe: jeraha, maumivu, hasara, kipigo, adhabu. Aliyepatwa hukaa nyuma, ametanguliwa na "on", au "upon" kwenye maandishi mazito. "The propeller inflicted deep cuts on his left leg." Kilichotiwa ni mikato, kilipotiwa ni mguu.

Kosa la rasimu zako limetoka kwenye sarufi yetu. Sisi mtu tunamwingiza ndani ya kitenzi: alimtia hasara, walitusababishia maafa, ilimjeruhi. Mwandishi akivuka kwenda Kiingereza, yule "m" anamtafutia mahali, na mahali pa karibu ni mara tu baada ya kitenzi. Vitenzi vingine vinakubali: "it injured him", "it hurt him", "it harmed him" zote ni sawa. "Inflict" peke yake ndiyo inayokataa.

Namna ya kukagua: weka "tia" badala ya "inflict", kisha taja mahali. "Propela ilitia mikato mguuni mwake." Imekaa. "Propela ilitia yeye" hakuna asemaye hivyo hata akiwa na usingizi.

Ukigeuza sentensi iwe ya kutendwa, kinachokuja mbele ni jeraha: "Deep cuts were inflicted on his leg." Ile "he was inflicted with cuts" haiponi kwa dawa yoyote, ifute. Andika "he suffered deep cuts" au "he sustained deep cuts". Aliyepatwa akiwa ndiye mwanzo wa sentensi, vitenzi vyake ni "suffer" na "sustain". Aliyetenda akiwa ndiye mwanzo, hapo ndipo "inflict" ina nafasi.

GuidaCasuarina
Kwa waongozaji wa Malindi wanaojua Kiitaliano kuna njia ya mkato. Kitenzi ni "infliggere", shina moja la Kilatini, na mpangilio ni ule ule: "infliggere qualcosa a qualcuno", unatia kitu kwa mtu. Mtu anayesema hivyo kila siku na Wataliano hatasema "inflicted him" kwa Kiingereza akikumbuka ndugu yake huyu.

Ila mtego upo kwenye faini. Mtaliano husema "infliggere una multa", kumpiga mtu faini. Kwa Kiingereza cha leo usihamishe hivyo. Sema "impose a fine on him", au kwa ufupi "fine him".

BintiShela
Ahsanta. Na "afflict"? Kuna aliyeandika mgeni "was inflicted with malaria", nikajiuliza kama alikusudia hiyo.

Maalim_Langoni
Ndiyo aliyoikusudia, na hata Waingereza wenyewe wanaichanganya. "Afflict" mpango wake ni kinyume: mtu ndiye anayekuja mara moja baada ya kitenzi. "Drought afflicted the whole district." "She is afflicted with arthritis." Kitendaji chake ni ugonjwa, ukame, njaa, umaskini, vitu vinavyomkalia mtu siku nyingi. Mkato wa kisu si "affliction", na malaria haiwi "inflicted" na mtu.

Kwenye ripoti ya wageni zote mbili ni nzito mno. "The guest fell ill with malaria" inatosha, au "has malaria" ikiwa kipimo kimeonyesha. Kama hakijapimwa andika "has a fever". Usimpe mtu ugonjwa kwa kalamu.

NahodhaKipungani
Maalim, hapo juu umeandika propela "inflicted". Mimi nilivyosoma, "inflict" inataka kusudi. Propela haina nia.

Mkalimani_Malindi
Nahodha, nia si sharti. Fungua kitabu chochote cha Kiingereza kuhusu samaki wa pwani, ukifika kwenye samaki aitwaye taa utakuta "can inflict a painful wound". Taa hakukusudia, amekanyagwa akajitetea. Dhoruba nayo "inflicted heavy damage on the fishing fleet". Hayo ni matumizi ya kawaida kabisa.

Lakini hisia yako ina asili yake. Mtendaji akiwa mnyama, chombo au hali ya hewa, msomaji anaona nguvu tu. Mtendaji akiwa mtu, anaona mkono. Chukua sentensi hii: "The crew inflicted injuries on two passengers." Hakuna neno la kusudi ndani yake, ila kila asomaye ataona mabaharia wamewapiga abiria. Kumbe boti iligonga gati. Iandike: "Two passengers were injured when the boat struck the jetty." Mabaharia wametoka kwenye sentensi, tukio limebaki, na hakuna uongo.

Hili si la adabu tu. Ripoti ya nahodha inaweza kuishia mezani pa wakili.

Fundi_Mkomani
Hapo pa wakili, mkalimani endelea. Mahakamani wanatumia "inflict" kweli?

Mkalimani_Malindi
Inategemea mahakama ya nchi gani.

Uingereza neno hili limewatoa majaji jasho. Sheria yao ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili wa mtu ina vifungu viwili jirani. Kifungu cha 18 kinasema "cause" madhara makubwa, kinataka nia ya kuyatia, na adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Kifungu cha 20 kinasema "inflict", hakidai nia hiyo, na adhabu ya juu ni miaka 5. Swali likawa: kwa nini maneno mawili? Je, "inflict" inataka pigo la mkono?

Mwaka 1881 kulikuwa na kesi ya mtu aliyezima taa za ngazi za jumba la maonyesho watu wakitoka, akaweka chuma mlangoni. Watu wakakanyagana gizani wakaumia vibaya. Hakumgusa hata mmoja, na bado mahakama ikasema ame-"inflict". Miaka 7 baadaye, 1888, ikaja kesi maarufu ya Clarence: mume aliyejua ana kisonono, akamwambukiza mkewe asiyejua. Hapo majaji wengi wakasema hapana, hakuna pigo, hukumu ikafutwa. Ukiuliza mantiki ya kuziweka hizo mbili pamoja, mimi siioni, na wanasheria wengi waliokuja baadaye hawakuiona.

Ilibidi kungoja hadi 1997 ndipo Mabwana wa Bunge (House of Lords), waliokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, waseme waziwazi kwamba mtu anaweza ku-"inflict" ugonjwa wa akili kwa kumwandama mwenzake, hata bila kumgusa. Walisema pia "cause" na "inflict" si pacha kamili, ila pengo kati yao ni dogo. Mwaka 2004, kwenye kesi ya kuambukiza virusi vya ukimwi, Mahakama ya Rufani ikaona ile hukumu ya 1888 haifungi tena mikono ya mtu.

Kenya tumekwepa ugomvi huo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 234 inasema mtu anaye-"does grievous harm", adhabu ya juu kifungo cha maisha. Kifungu cha 251 ni shambulio lililoleta madhara halisi ya mwili, miaka 5. Kifungu cha 237, anaye-"wounds" mwenzake kinyume cha sheria, miaka 5. Kwa hiyo mwandishi wa ripoti hapa Lamu akijibana kuweka "inflict" ili ionekane ya kisheria, anaazima nguo ya jirani. Lililo kwenye hati zetu za mashtaka ni "harm".

Tabibu_Pwani
Mkalimani amenifungulia mlango. Kwenye fomu ya P3, ile ya polisi ambayo tabibu huijazia majeraha, tabibu anatakiwa kusema dhara ni la daraja gani: "harm", "grievous harm" au "maim". Maana zake zinatoka kifungu cha 4 cha Sura hiyo hiyo ya 63, na watu wengi wanazijaza kwa kukisia.

"Harm" ni maumivu yoyote ya mwili, ugonjwa au hitilafu, ya muda au ya kudumu. Kwa hiyo mchubuko ni "harm". Neno ni pana kuliko wanavyodhani.

"Maim" ni kuharibu kiungo au hisia, au kukifanya kisifanye kazi daima: jicho limepofuka, kidole kimekatika.

"Grievous harm" inazoa "maim", inazoa pia dhara linalohatarisha maisha, linaloumiza afya vibaya au kwa kudumu au linaloelekea kufanya hivyo, linaloacha sura imeharibika daima, au jeraha la kudumu au zito kwenye kiungo cha nje au cha ndani.

Halafu "wound", ambayo watu huitumia ovyo. Kisheria ni mkato au tundu lililopasua utando wa nje wa mwili. Utando wa nje ni ule unaoweza kuguswa bila kupasua mwingine kwanza, kwa hiyo ngozi ya ndani ya mdomo inahesabiwa. Mtu aliyevunjika mfupa na ngozi haikupasuka hana "wound" kwa maana hiyo, ingawa anaweza kuwa na "grievous harm" kubwa tu. Matamshi yake: "wuund". Ukitamka "waund" umesema kitenzi cha kuzungusha kamba, wakati uliopita.

BintiShela
Tabibu, je, wewe unaandika "inflicted" kwenye ripoti?

Tabibu_Pwani
Kwa tahadhari. Tabibu hakuwepo. Anaona jeraha, haoni mkono. "Wound inflicted by the accused with a panga" ni kauli ya shahidi aliyekuwa pale, tabibu akiiandika kama yake wakili wa upande wa pili ataitafuna. Fomu inauliza aina ya kitu kinachoelekea kuwa kimesababisha, na umri wa jeraha kwa saa, siku au wiki. Jibu hayo: "sharp object", "about 12 hours". Au "consistent with a sharp object", linalolingana na kitu chenye makali. Ukiacha hapo umebaki kwenye unachokijua.

Eleza jeraha kwa namna ambayo asiyeliona atalichora: aina, urefu, mahali, na umbali kutoka alama ya mwili isiyohama. Mfano: "a 6 cm incised wound on the front of the left shin, 10 cm below the knee". Yaani mkato wa sentimita 6, mbele ya muundi wa kushoto, sentimita 10 chini ya goti.

Aina nazo zisichanganywe. "Incised wound" ni ya kitu kikali, kingo zake safi. "Laceration" ni mpasuko wa kitu butu, rungu au ukingo wa boti, kingo zimechanika na mara nyingi kuna nyuzi za nyama zimevuka katikati. "Abrasion" ni chubuko, ngozi ya juu imekwaruzika. "Bruise" ni vilio, damu imevia chini ya ngozi isiyopasuka. Wahudumu wengi huita kila kitu "laceration" kwa sababu inasikika ya kidaktari. Kisha kesi ni ya kisu na ripoti inasema rungu.

Baharia si tabibu, kwake "cut", "scrape" na "bruise" zinatosha, na ni sahihi zaidi kuliko neno kubwa alilolikosea.

Mkalimani_Malindi
Nyongeza moja kwa Bi Shela, hii iandike kwa wino mwekundu: "self-inflicted". Maana yake ni jeraha mtu alilojitia mwenyewe, na msomaji ataelewa kwa makusudi. Mgeni akilewa akateleza kwenye ngazi za nyumba, mhudumu akaandika "self-inflicted injury" akimaanisha kosa lilikuwa lake mwenyewe, amemtia mgeni taabuni. Bima nyingi za safari hazilipi majeraha ya kujitia makusudi. Andika kilichoonekana: "The guest slipped on the stairs at about 11 p.m. and hit his right elbow." Ulevi usiutaje kama hukuona akinywa.

NahodhaKipungani
Basi mie niingie kwenye vyombo, maana "many damages" ni yetu sisi.

"Damage" ya vitu haina wingi. Ni kama maji, haihesabiki: "some damage", "a lot of damage", "serious damage". Ukitia "s" umehamia mahakamani: "damages" ni fidia, pesa ambazo mahakama inaamuru ulipwe. Ukiandika "the dhow got many damages", mwenye bima atasoma kwamba jahazi limelipwa pesa nyingi.

Mtu mwenyewe hawi "damaged". Kiungo chake ndicho: "damaged his kidneys", "damaged her eyesight". Kwa chombo sema chote.

Na ukitaja uharibifu, taja sehemu. "The boat was damaged" haimsaidii fundi wala mkaguzi. Mbao mbili za ubavu wa kushoto zimepasuka, kalafati imetoka, maji yanaingia: "Two planks on the port side cracked, the caulking came out and she took in water." Ukiweza andika mpasuko una urefu gani, na uko juu ya maji au chini, kwa sababu chini ya maji chombo hakitoki hadi kipandishwe pwani. Mkuku, usukani, foromali na mlingoti vikaguliwe na viandikwe hata vikiwa vizima: "keel and rudder not damaged". Mkaguzi akikuta hukuvitaja atadhani hukuvitazama.

Fundi_Mkomani
Na "spoil" je? Hapa kila kitu "is spoilt": simu, mashine, mboga, gari.

Maalim_Langoni
Hiyo ni "kuharibika" yetu imevaa Kiingereza. Wakenya tunaelewana, Mzungu atashangaa kidogo. Kwao "spoil" ni chakula, sherehe, au mtoto aliyedekezwa. Injini "has broken down", simu "is not working", samaki "has gone off". Basi.

"Hurt" nayo isipitwe, ndiyo ya kwanza kutamkwa kabla ya ripoti yoyote. Haibadiliki wakati uliopita, "hurt" leo, "hurt" jana. "Are you hurt?" ni umeumia? "Does it hurt?" ni panauma? Ya kwanza inauliza kama mtu amejeruhiwa, ya pili inauliza maumivu ya sasa hivi, nawe unagusa mahali fulani. Mgeni aliyevunjika mkono akiwa bado na mshtuko anaweza kujibu "no" kwa ya pili. Uliza zote mbili.

Na "harm" kama kitenzi hupenda mambo yasiyoshikika au ya taratibu: sifa, mazingira, afya ya watoto. Gogo likimwangukia mtu mguuni, "harmed his leg" inasikika ya ajabu. "Injured" au "hurt".

GuidaCasuarina
Kwa kibao cha boti za mbuga ya bahari ya Malindi, ile iliyotangazwa 1968, kuna waliopendekeza "Do not inflict damage on the coral". Sarufi ni safi, maalim hana la kusema. Lakini inasomeka kama mashtaka, tena mgeni hajui kufanya nini. Yeye hadhani anaharibu chochote, anadhani amesimama juu ya jiwe.

Maalim_Langoni
Sarufi safi, kibao kibovu. Taja tendo kwanza, dhara baadaye, na useme kwamba ni kiumbe.

BintiShela
Niandike "Please do not stand on the coral. It is alive and your feet damage it"?

GuidaCasuarina
"Stand on or touch", kwa sababu wengine hawasimami, wanashika. Na "your feet" toa, maana mapezi ya kuogelea ndiyo yanayovunja zaidi wakipiga teke karibu na mwamba. "Touching it or kicking it with fins damages it."

NahodhaKipungani
Na nanga?

GuidaCasuarina
Nanga ni yako nahodha, haimhusu mgeni. Hiyo iende kwenye karatasi ya mabaharia: "Use the mooring buoy. Never drop anchor on coral."

BintiShela
Haya. Nimeandika upya ile ripoti ya kwanza, itazameni: "At about 4 p.m. the boat's propeller struck a swimmer. He sustained two deep cuts on the left leg, below the knee. He was taken to hospital by speedboat. The propeller has one bent blade. No other damage."

Tabibu_Pwani
Ongeza ni nani aliyefunga jeraha, kwa kitu gani na saa ngapi, hasa kama alifungwa kamba ya kuzuia damu. Hospitali itauliza hiyo saa kabla ya kitu kingine.

Mkalimani_Malindi
Na injini ilikuwa inazunguka au imezimwa. Lazima iwemo, hata ikiwa haimpendezi nahodha.

Maalim_Langoni
Kiingereza sina la kugusa. "Inflict" hata haikuhitajika.